Haijaota

Tartu, Februari. Theluji imefika usawa wa dirisha.
Maimu Raudsik anahariri kitabu cha darasa la saba,
ukurasa wa tisa, sentensi moja
iliyomla wiki mbili nzima:

*Kiumbe hai ni kile kinachokula, kinachokua, kinachozaa.*

Kalamu yake nyekundu inasimama juu ya *na*.
Kinachokula lini? Sasa hivi, nisomapo?
Nyuma ya kibanda cha kuni yuko kalunguyeye
aliyejizika chini ya majani tangu Oktoba:
hali. Na hiyo ndiyo hali yake mpaka Aprili.
Lakini moto katika jiko la vigae
unakula gogo la mbetula, unakua,
na cheche moja yaweza kuzaa moto mwingine kwenye zulia.
*Na* imemkaribisha moto,
imemfungia mlango kalunguyeye.

Basi anaandika *hula, hukua, huzaa*,
aondoe saa ukutani, ibaki desturi.
Anafuta. Nyumbu wa jirani yake, Kaarel,
hazai, hajawahi, wala baba yake punda hakumwachia njia.
Tena moto nao una desturi zake.

Anajaribu *kilichozaliwa*.
*Li* ni mlango mpana kupita kiasi:
makaburi yote ya Raadi yanaingia kwa mstari,
kofia mkononi,
na Endel yumo, na koti lake la kijivu.
Anafuta haraka hata karatasi inachanika.

Mimi ni mpangaji wake, chumba cha juu.
Nilishuka kuomba chumvi
nikakuta kisahani juu ya meza, kitambaa kibichi,
na punje kumi na mbili za shayiri
kutoka bahasha ya nyanya yake, Leida,
yenye mwandiko wa penseli: *shamba la chini, 1948*.
"Siku ya tisa," akasema.
"Hazili. Hazikui. Niziandike wapi?
Nasi lugha yetu haina hata umbo la wakati ujao.
Tunasema *kesho naja*, msikilizaji ajazie mwenyewe.
Nyinyi, punje kama hii, mnasemaje?"

Nikamwambia: haijaota.

Akataka nimpasulie lile neno mezani, kama samaki.
Nikapasua. *Haikuota* ni kesi iliyokwisha.
*Haitaota* ni hukumu ya mtu asiyejua.
*Haijaota* hukana na kungoja kwa pumzi moja;
aisemaye ameweka mguu mlangoni.

"Na mtu?"
Mtu vilevile. Ukiniuliza habari za babu yangu
nitakujibu, hajafa.
Kumbe nimekupa maana ya uhai
bila kutaja chakula, wala mtoto, wala kimo.

Akacheka. "Jiwe nalo halijafa."
Nami sikuwa na jibu, nikashika kopo la chumvi.
Ni kweli, jiwe halijafa.
Ila hakuna anayelisemea hivyo
akiwa na wasiwasi.

Tukanyamaza. Gogo likaanguka jikoni.
Kisha akajaribu lugha yangu kwa mdomo wake,
pole pole, akiigonga kila silabi
kama agongaye barafu ya ndoo:
"Endel ha-ja-ru-di."

Sarufi haikuwa na kosa.
Miaka kumi na mmoja tangu mazishi,
na sarufi haikuwa na kosa hata moja.
Mwalimu angesahihisha kitenzi.
Mimi nilisema chumvi imetosha, asante.

Ijumaa mchapaji alipiga simu mara tatu.
Sentensi ikaenda kama ilivyokuwa, na *na* zake tatu,
na watoto wa darasa la saba wataikariri,
mmoja wao, labda, atainua mkono kuuliza habari za moto.

Jumamosi asubuhi nilimsikia chini
akifungua bomba kidogo, kidogo sana,
maji ya kijiko kimoja.
Siku ya kumi na nne.